KULEA VIFARANGA: CHOMBO GANI KITUFAE?



Kila inapokwisha kazi ya kuchuma na fedha za karafuu zikaingia mkononi, hapa afisini huja maswali ya namna mbalimbali. Huyu auliza bei ya mabati, yule auliza gharama za skuli ya mtoto, na wengine huuliza khabari za mbuzi na kuku. Msimu huu wanachama wengi, na zaidi akina mama, wametuuliza jambo moja: ni chombo gani cha kulelea vifaranga kilicho bora kununuliwa? Wameviona mjini vyombo vya bati vinavyotumia umeme, vyenye taa nyekundu na sahani za kukingia mavi, na wameambiwa na wauzaji kwamba bila ya hivyo siku hizi hapana ufugaji. Tumeona afadhali tujibu hapa mara moja, kila mtu asome, kuliko kujibu mlangoni kwa mmoja mmoja.

Suali lenyewe si dogo. Mkarafuu, kama tujuavyo sote, hauzai sawa kila mwaka. Mwaka mmoja matawi huinama kwa uzito, na mwaka unaofuata tukapanda ngazi kutafuta vishada. Katika miaka hiyo ya mkono mtupu kuku ndio wanaotia chumvi jikoni. Basi mtu akichukua fedha za msimu mzuri akanunua vifaranga 100 wa siku moja, wakavushwa kwa boti, kisha wakafa 70 katika siku tatu, huyo hakupoteza vifaranga tu, amepoteza akiba ya mwaka wa njaa. Jambo hili limewapata wanachama wetu watatu tunaowajua, na kwa wote watatu maradhi hayakuwako. Mmoja walimfia kwa baridi ya alfajiri, mmoja kwa hewa ya makaa, na wa tatu kwa joto la kupita kiasi, saa nane za mchana, chini ya paa la bati lisilo dari. Wote watatu walikuwa na chombo. Chombo hakikuwafaa.

Kwa hiyo kabla ya kusema kipi kinunuliwe, natufahamu kwanza kazi ya chombo ni nini.

KIFARANGA NA JOTO LAKE

Kuku mzima joto la mwili wake ni kiasi cha digrii 41 za sentigredi, na hulilinda mwenyewe kwa manyoya yake. Kifaranga aliyeanguliwa leo hana manyoya. Ana malaika tu, ambayo hupendeza macho lakini haizuii baridi. Mwili wake haujaweza bado kulishika joto lake. Akikaa penye ubaridi kwa muda huacha kula na kunywa, husongamana na wenzake, na wale wa chini hukandamizwa wakafa. Asubuhi mwenyewe huona maiti zimerundikana pembeni akadhani ni panya au ni kijicho cha jirani.

Joto linalotakiwa, likipimwa karibu na mgongo wa kifaranga na si juu ukutani, ni digrii 32 mpaka 35 katika juma la kwanza. Juma la pili ni kiasi cha 30, la tatu kiasi cha 27, na la nne 24 au 25. Yaani kila juma mnapunguza kiasi cha digrii tatu mpaka manyoya yatimie.

Sasa, vitabu vingi vya ufugaji vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, ambako kifaranga hutiwa moto mchana na usiku bila ya kupumzishwa. Kwetu sivyo. Wakati wa kaskazi, hapa kisiwani, joto la kivulini mchana hufika digrii 30 na kupita, na kifaranga wa juma la pili hahitaji chochote ila kivuli na maji. Lakini usiku huo huo, na khasa usiku wa kipupwe, joto hushuka mpaka 22 au chini yake, na masika mvua huweza kupiga siku tatu mfululizo na upepo ukaingia kila tundu. Kwa hivyo chombo cha kisiwani kwetu ni chombo cha usiku na cha mvua. Chombo kisichoweza kupunguzwa moto ifikapo saa tatu asubuhi ni chombo cha kuulia vifaranga, hata kikiwa kimetoka nchi gani.

Kipimajoto ni kitu chema na bei yake si kubwa. Asiyenacho asikate tamaa, kwani vifaranga wenyewe husema. Wakiwa wametawanyika sawasawa, wengine wanakula, wengine wamelala wamejinyoosha, na sauti zao ni ndogo za kuridhika, joto ni kamili. Wakijirundika chini ya moto na kulia kwa sauti kali isiyokatika, wana baridi. Wakiukimbia moto wakakaa kandokando, midomo wazi na mbawa zimelegea, wanaungua. Na wakihamia wote upande mmoja, basi upande wa pili kuna upepo unaopenya. Tafuteni tundu lake mlizibe. Jambo la maana ni kuwatazama saa kumi za usiku, si saa mbili za usiku mtu anapokwenda kulala. Saa kumi ndiyo saa ya baridi kubwa, na ndiyo saa ambayo makaa yamekwisha na mafuta yamekwisha.

KUKU MWENYEWE

Kabla ya kwenda dukani, tazameni uani. Koo mmoja wa kienyeji hulea vifaranga 10 mpaka 15 bila ya mafuta, bila ya makaa na bila ya umeme, na joto lake halizidi wala halipungui. Mwenye kutaka kuku wachache wa kuchinja sikukuu hana haja ya kusoma mbele zaidi. Hata vifaranga wa kununua huweza kupewa koo ambaye ndiyo kwanza ameangua. Hutiwa chini yake usiku, katika kiza, na asubuhi huamka akawachukua kuwa ni wake. Ila wawe rika moja na hao wake, na wasizidi idadi inayoweza kufunikwa na mbawa zake.

Kasoro za koo ni mbili. Ya kwanza, muda wote anaolea hatagi. Huatamia siku 21, kisha hutembea na watoto majuma mengi, na ndiyo sababu koo wa kienyeji aghlabu haangui zaidi ya mara tatu kwa mwaka. Akiondolewa vifaranga mapema wakalelewa mbali, hurudi kutaga upesi zaidi, na hapo ndipo chombo kinapokuwa na faida hata kwa mwenye kuku wa kienyeji watupu. Ya pili, koo huwatembeza watoto katika umande na mbele ya macho ya kunguru. Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu si wa asili yetu. Waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 ili wale takataka za mji, na tangu hapo wamekula kila kitu isipokuwa takataka. Mzee aliyemfunika koo na watoto wake chini ya tenga kwa majuma mawili ya mwanzo alijua alifanyalo.

CHUNGU CHA MAKAA

Mashamba ambako umeme haujafika, au umefika lakini bei yake ni nzito, wengi wetu hutumia makaa. Hutiwa katika seredani au katika chungu chenye matundu, kikafunikwa kigae, kikawekwa katikati ya kibanda na kuzungushiwa matofali ili vifaranga wasikiguse. Chungu ni bora kuliko seredani kwa sababu udongo hushika joto na kulitoa polepole, na cheche hazirukiruki. Makaa yakifukiwa katika majivu hudumu mpaka alfajiri.

Lakini hapa hapana budi tuseme kwa uwazi. Makaa yakiwaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Moshi ukiisha watu hudhani khatari imekwisha, na kumbe moshi si ndiyo sumu. Vifaranga hulala mmoja mmoja wasiamke, na mwenyewe akishikwa humo huumwa kichwa, akalegea, akazimia asijue limtokealo. Yule mwanachama wa pili tuliyemtaja alikuwa ameziba kila ufa wa kibanda kwa magunia kwa kuhofia baridi. Lau angekuwa amewaweka vifaranga chumbani mwake pamoja na watoto, kama wafanyavyo baadhi yetu wakati wa masika, leo tungekuwa tunaandika khabari nyengine. Basi asilale mtu yeyote, mkubwa wala mdogo, katika chumba kimoja na makaa yanayowaka, hata mlango ukiachwa nusu wazi.

Mwenye kutumia chungu na afanye hivi. Makaa yawashwe nje mpaka yawe mekundu yote, ndipo yaingizwe. Kuta za kibanda zizibwe kutoka chini mpaka kiasi cha dhiraa mbili, ili upepo usiwapige vifaranga, na juu ya hapo paachwe wazi pande zote mbili na kuwekwa waya, ili hewa mbaya itoke na hewa njema iingie. Kibanda cha namna hiyo hupoteza joto kidogo, ni kweli. Joto lililopotea hurudishwa kwa makaa mawili matatu zaidi. Kifaranga aliyekufa harudi.

TAA YA MAFUTA

Taa ya chemni hufaa kwa vifaranga wachache, 20 au 30. Njia iliyo salama ni kuifunika kwa debe lililotobolewa matundu ubavuni na juu, debe likapata moto na vifaranga wakalala kulizunguka. Utambi ukatwe kila jioni, la sivyo taa hutoa masizi na joto hupungua. Taa isimamishwe ndani ya karai la mchanga au ining'inizwe kwa waya, si kwa kamba, kwani paa zetu nyingi ni za makuti na matandiko ya vifaranga ni makavu. Koroboi isiyo na kioo isitumiwe kabisa.

Hesabuni na mafuta. Taa inayokunywa chupa moja kwa usiku tatu itakunywa chupa kumi kwa mwezi, na mafuta ya taa siku hizi hayapatikani kila duka. Kwa vifaranga 20 wa kienyeji, yafaa mtu ajiulize kama koo wawili hawangeifanya kazi hiyo.

UMEME

Hatuwezi kukataa kwamba umeme ndio njia safi kupita zote. Hauna moshi wala sumu, na moto wake hupunguzwa kwa kuinua taa au kuizima. Taa maalumu ya joto ya wati 250, ikining'inizwa sentimita 45 mpaka 60 juu ya matandiko, hutosha kiasi cha vifaranga 100. Kwa vifaranga 20 au 30 balbu ya zamani ya wati 100, ile ya waya ndani, ndani ya kisanduku hutosha. Tahadharini na jambo hili: balbu za LED zilizojaa madukani sasa zina mwanga mwingi na joto karibu si kitu. Mwanachama mmoja alifunga mbili akashangaa vifaranga wakilia usiku kucha katika mwanga mweupe kama wa harusi.

Gharama zake ni hesabu nyepesi. Wati 250 kwa saa 12 ni uniti 3. Usiku 30 ni uniti 90. Zidisheni kwa bei mnayonunulia, kisha gawanyeni kwa idadi ya vifaranga mnaotarajia wapone, si kwa idadi mliyonunua. Balbu ya wati 100 kwa muda huo huo ni uniti 36.

Khofu yetu ni kukatika. Umeme wa Pemba huja kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, tangu mwaka 2010, na kabla ya hapo tulitegemea majenereta ya dizeli. Ndugu zetu wa Unguja hawajasahau walivyokaa gizani miezi mitatu, tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Tatizo kubwa kama hilo si la kila siku, lakini mti ukiangukia waya katika usiku wa mvua, saa sita zatosha kuwamaliza vifaranga wa juma la kwanza. Kwa hiyo anayelea kwa umeme na awe na njia ya pili iliyo tayari. Iliyo rahisi ni madumu ya lita tano yaliyotiwa maji ya moto, si ya kuchemka, yakavikwa magunia na kuwekwa katikati yao, na juu yao pakafunikwa gunia kuacha nafasi ya hewa. Kila dumu hutoa joto kwa saa chache, kisha hubadilishwa. Ni kazi ya kukesha, lakini huokoa.

Ama vile vyombo vya bati vya mjini, tumekwenda kuvitazama, na tukachukua kipimo. Kimoja urefu wake mita 1 na upana sentimita 60. Muuzaji alisema ni cha vifaranga 100. Kwa siku tatu za mwanzo, naam, wataenea. Lakini kifaranga hukua kila siku. Afikapo majuma manne, mita moja ya mraba yafaa kukaliwa na vifaranga 20, na chombo kile hakifiki hata mita moja ya mraba. Ni sehemu 6 katika 10. Maana yake ni vifaranga 12. Anayenunua vya 100 ananunua vya 12, na wale 88 atawatafutia pahala pengine katika mwezi huo huo, wakati wameanza kudonoana kwa kubanana. Si kwamba chombo ni kibovu. Bati lake zuri na kazi yake safi. Ila idadi inayotajwa ni ya watoto wa siku moja, na mnunuzi lazima aulize ni ya umri gani.

SANDUKU LISILO MOTO

Sasa tufike kwenye lile tulilolipenda. Kuna chombo ambacho wafugaji wa Ethiopia na Kenya wamekitumia miaka mingi, nacho hakina moto wa aina yoyote. Ni sanduku ndani ya sanduku, na baina yake pakashindiliwa majani makavu. Vifaranga hulala humo usiku, na joto la miili yao wenyewe, kwa kuwa halipati pa kutokea, huwatosha. Ni hekima ile ile ya mama anayekiondoa chungu cha wali motoni akakifunika magunia, akakuta bado wa moto.

Kisiwani kwetu tunacho kitu bora kuliko majani, nacho ni sufi. Misufi ipo katika mashamba mengi, sufi zake huanguka bure, na kwa kuzuia baridi hazina mfano. Asiyezipata atumie kumvi za mpunga zilizo kavu kabisa, au magomba makavu yaliyokatwakatwa.

Linatengenezwa hivi. Sanduku la ndani liwe na nafasi ya sentimita 40 kila upande, na kimo kama hicho, kwa vifaranga 20 mpaka 25. Sanduku la nje lizidi kwa sentimita 10 kila upande, na chini pia. Jazeni sufi baina yake bila ya kushindilia sana, kwani kinachozuia baridi ni hewa iliyokamatwa humo. Juu mfanye godoro dogo la gunia lililotiwa sufi, lilale kama kifuniko. Pawe na mlango mdogo wa vifaranga chini, wa upana wa kiganja, wenye kufungwa kwa waya wakati wa usiku. Pasisahauliwe matundu ya hewa: manne upande huu na manne upande wa pili, karibu na juu, kila moja la kupita kidole gumba. Pasipo matundu sanduku hutoa jasho, matandiko hulowa, na kifaranga aliyelowa ni kifaranga aliyekufa. Mbele ya mlango huunganishwa uwanja mdogo wa waya wenye kivuli, na humo ndimo wanamoshinda mchana kula na kunywa.

Sanduku hili lina masharti yake. Kwanza, halifai kwa vifaranga watano au sita, kwani joto lao halitoshi kulijaza. Pili, siku tatu nne za mwanzo magharibi mtawakamata mmoja mmoja mkawatia ndani, mpaka wajue kwamba humo ndimo kwao. Baada ya hapo huingia wenyewe jua likizama. Tatu, matandiko ya ndani hubadilishwa kila asubuhi. Nne, vifaranga wa juma la kwanza katika usiku wa kipupwe au wa mvua kubwa wawekewe dumu la maji ya moto lililovikwa gunia, pembeni mwa sanduku, na hilo litahitaji sanduku kubwa kidogo. Kwa vifaranga waliolelewa na koo siku saba mpaka kumi kisha wakahamishwa, hata dumu hilo halihitajiwi, isipokuwa hali ya hewa ikiwa mbaya sana. Njia hii ya kuchanganya, koo kwanza na sanduku baadaye, ndiyo tunayoiona kuwa njema kwa wanachama wengi. Mama kuku hurudi kutaga, na mwenyewe halali na khofu ya moto.

Kwa vifaranga 100 wa kisasa wa siku moja, hatusemi hivyo. Masanduku manne au matano ni kazi, na kuku wa nyama wana haraka ya kukua na hutaka kula hata usiku, kwa hiyo huhitaji mwanga. Mwenye idadi hiyo na ajenge chumba, aweke duara, na atumie umeme au chungu kwa masharti tuliyoyataja.

DUARA, NA MAJAMVI YA KARAFUU

Katika chumba pasiwe na pembe. Vifaranga wakishtuka hukimbilia pembeni wakapandana, na wa chini hukosa pumzi. Zungusheni kitu cha kimo cha sentimita 45 au 50, kiwe katoni au plaiwudi, mkapate duara, na mlitanue kila baada ya siku chache wanavyokua. Wengi hutumia jamvi kuukuu lililosimamishwa, na ni jambo jema, lakini jamvi hilo liwe limekwisha kabisa kazi ya karafuu. Tumewahi kumwona mtu akilikung'uta jamvi la vifaranga na kuliweka tayari kwa kuanikia msimu ujao. Mavi ya kuku yana vijidudu vinavyowadhuru watu, na karafuu ni kitu kinachotiwa katika chakula na dawa. Unyoya mmoja katika gunia waweza kushusha daraja la gunia zima, na sifa ya karafuu zetu si ya mtu mmoja kuichezea. Kwa sababu hiyo hiyo vifaranga wasilelewe katika ghala ya karafuu, hata ikiwa tupu, wala sakafuni pa kuanikia.

Waya wa chombo au wa chumba uwe na matundu yasiyozidi nusu inchi. Panya hupita katika tundu la inchi moja, na usiku mmoja humtosha. Cheche huchimba chini, kwa hiyo waya uzame ardhini shubiri moja. Kwa sanduku lenye miguu, kila mguu usimame katika kopo la maji yenye mafuta machafu juu yake, siafu wasipande.

Chini tandikeni kumvi au maranda makavu kwa kimo cha vidole vinne. Magazeti peke yake huteleza, na miguu ya vifaranga hupanuka wakalemaa. Matandiko yakilowa yatolewe siku hiyo hiyo, kwani unyevu ndio unaoleta kuhara damu. Vifaranga wakifika kutoka safari wapewe maji kwanza, kisha chakula; kiini cha yai walichobaki nacho tumboni huwatosha siku mbili au tatu tangu kuanguliwa, lakini kiu ya njiani haisubiri. Chombo cha maji kiwe kifupi na kiwe na mawe madogo ndani, wasizame. Chanjo ya mdondo isiachwe, na ratiba yake muulizeni bwana mifugo wa wilaya yenu, kwani hutofautiana kwa vifaranga wa kienyeji na wa kisasa.

MAOMBI YA MKOPO

Mwisho, wanachama 11 wameomba chama kiwakopeshe fedha za kununua vyombo vya bati, walipe kwa karafuu za msimu ujao. Kamati ilikaa ikalizungumza kwa muda mrefu. Msimu ujao, kwa dalili za mikarafuu tunazoziona sasa, hauonekani kuwa wa kujaza, na deni la chombo cha vifaranga 12 si deni la kumtakia mwanachama. Kwa hiyo kamati haikukubali mkopo huo. Imekubali badala yake kununua mbao na waya kwa pamoja, ili bei ipungue, na kuwauzia wanachama kwa bei ile ile iliyonunuliwa. Fundi ameshatengeneza sanduku moja la mfano, lipo afisini, na vifaranga 22 wa koo wawili wamo ndani tangu Jumatatu.

Anayetaka kuliona aje Jumamosi yoyote baada ya sala ya alasiri, na akae mpaka magharibi aone wanavyoingia. Anayetaka kujiandikisha kwa mbao aje na idadi ya vifaranga alio nao, si anaowatarajia, na aje na sufi zake mwenyewe, gunia moja kwa kila sanduku.

Katibu